Jina Lililoahidiwa: Maandishi ya Ukumbusho wa Vita vya 1914–1918 Yakisomwa kutoka Tanga

Ikisiri

Makala hii inahakiki maandishi ya Kiswahili ya Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, kwa kuyalinganisha na njia ambazo pwani ya Tanga imezitumia kuwakumbuka wafu: kaburi, sala na utenzi. Inadai kwamba udhaifu wa maandishi hayo hautokani na kukosa majina pekee, bali na kuahidi jina kwa sentensi ambayo muundo wake unalifuta. Aidha, makala inadai kwamba Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, pamoja na ukubwa wake wote, uko karibu zaidi na sanamu hiyo kuliko ulivyo karibu na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy.

1.0 Utangulizi

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Uingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya Tanga na kudai mji usalimishwe. Katika kalenda ya Kanisa tarehe hiyo ni siku ya kuwaombea marehemu wote, na katika makanisa ya desturi ya misheni ya UMCA, ambayo kitovu chake upande huu kilikuwa Magila, Muheza, kuwaombea marehemu ni pamoja na kuwataja. Siku tatu baadaye jeshi la Jenerali Aitken lilikuwa limerudi melini kutoka Ras Kasone likiacha nyuma wafu zaidi ya mia tatu, wengi wao askari wa Kihindi. Upande wa Paul von Lettow-Vorbeck walikufa watu wapatao sabini, wengi wao askari Waafrika. Mapigano hayo yamebaki katika vinywa na vitabu kwa jina la Vita vya Nyuki, kwa kuwa makundi ya nyuki waliochafuliwa na risasi yaliwavamia wapiganaji. Nyuki, basi, wamepata jina katika historia ya Tanga kwa urahisi kuliko wengi wa waliokufa humo.

Baada ya vita hivyo vya dunia, takriban kila parokia ya shamba nchini Uingereza ilisimamisha msalaba au kibao katika uwanja wa kanisa. Fani ya maandishi hayo inajulikana: maneno machache ya jumla, kisha orodha. Orodha ndiyo kiini. Mara nyingi hupangwa kwa alfabeti, mtoto wa mwenye ardhi akifuatana na mtoto wa mchunga kondoo wake, na anayeisoma humkuta mjomba au jirani. Maneno ya juu yangeweza kubadilishwa bila hasara kubwa, majina hayawezi. Kamisheni ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917, iliichukua kanuni hiyo hiyo na kuifanya sera: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, kabila wala dini.

Mkazi wa Mabawa anayetaka kuona fani hiyo katika mji wake atakwenda kwenye makaburi ya vita yanayotunzwa na Kamisheni hiyo, wanakokumbukwa Waingereza na Wahindi waliokufa Novemba 1914. Akitaka kuiona kwa Kiswahili, itambidi asafiri hadi Dar es Salaam, na huko atakuta kitu kingine kabisa.

2.0 Sanamu na sentensi yake

Sanamu ya Askari iliwekwa mwaka 1927. Ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson: askari mmoja wa shaba, ameshika bunduki yenye singe, akielekea bandarini. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi. Makumbusho ndugu yalisimamishwa Nairobi na Mombasa. Matini asilia ya Kiingereza ni ya Rudyard Kipling, aliyekuwa mshauri wa Kamisheni katika mambo ya maandishi, na ambaye mwanawe wa pekee alipotea katika mapigano ya Loos mwaka 1915 bila kaburi lake kujulikana katika uhai wa baba yake. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu huyo hakujua uzito wa neno jina.

Maudhui ya matini ni haya: ukumbusho ni wa askari wenyeji waliopigana, ni wa wapagazi, ambao wanaitwa miguu na mikono ya jeshi, ni wa wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika ya Mashariki. Kisha inakuja sentensi ya sharti: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Hapo matini inakoma. Pale ambapo katika uwanja wa kanisa orodha ingeanza, hapa pana ukingo wa jiwe.

Inafaa kuitazama sentensi hiyo kama sentensi. Sehemu za kwanza ziko katika nafsi ya tatu na zinahusu wakati uliopita: walipigana, walitumika, walikufa. Sentensi ya mwisho inaruka hadi nafsi ya pili umoja na wakati ujao. Anayesemeshwa si marehemu tena, kwa sababu marehemu haambiwi "ukipigana". Ni kijana anayepita njiani mwaka 1927, na huenda ni askari wa kesho. Kwa hiyo "jina lako" si jina la aliyekufa. Ni jina la msomaji, ambalo halijahitaji kuandikwa popote kwa sababu mwenyewe yu hai. Maandishi yanayoanza kama ukumbusho yanakwisha kama wito wa kuandikisha askari, na wafu waliotajwa kwa ujumla katika mistari ya mwanzo wanageuzwa kuwa mfano wa kuigwa ambao, ajabu, hauna hata mtu mmoja ndani yake. Na kazi ya kukumbuka imekabidhiwa watoto, yaani kila mtu isipokuwa mwenye kusimamisha jiwe.

Kiswahili kimeusaidia ufutaji huo kwa namna ambayo Kiingereza hakingeweza. Nomino askari haibebi kiambishi cha idadi. Umoja na wingi wake hudhihirika katika upatanisho wa kisarufi tu. Katika kirai "Sanamu ya Askari" hakuna upatanisho wa kuufichua: kiunganishi "ya" ni cha sanamu. Ni sanamu ya askari yupi, au ya askari wangapi? Swali hilo halizuki kwa msikilizaji wa Kiswahili, na shaba moja inasimama mahali pa maelfu bila mtu kuhisi kwamba kuna hesabu iliyorukwa. Kuhusu sitiari ya miguu na mikono, imesifiwa mara nyingi kuwa ni heshima kwa wapagazi. Heshima imo. Hata hivyo, mwili uliogawanywa hivyo una wenye kichwa na wenye viungo, na viungo havina majina yao; huitwa kwa jina la mwenye mwili. Makadirio yanayotajwa sana ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 90,000. Ukumbusho wao mkubwa zaidi katika lugha haumo kwenye jiwe lolote bali katika jina la soko, Kariakoo, ambalo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi chao, na ambalo wengi wa wanaolitamka kila siku wanalihusisha na bei ya nyanya.

Kwa mtu wa Tanga kuna jambo jingine, na ni zito. Maandishi yanawahusu waliokufa kwa ajili ya "mfalme". Waafrika waliouawa wakiilinda Tanga mwaka 1914 walikuwa askari wa Ujerumani. Aitken alishuka na vikosi vya Uingereza na India. Kwa hiyo waliokufa Tanga upande wa Waafrika hawamo hata katika ile jumla isiyo na majina. Kaizari wao alishindwa, na ufadhili wa kumbukumbu ulifuata ushindi.

Kuna kisa cha jina ambacho Kipling hakukitarajia. Kabla ya 1914 Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, jemadari aliyevunja upinzani wa pwani mwaka 1889. Waingereza waliiondoa, baadaye ilipelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1960. Hata hivyo, wazee wa Dar es Salaam waliendelea kuiita sanamu mpya "Sanamu ya Bismini", jina ambalo limehusishwa na la Wissmann. Kama uhusiano huo ni sahihi, na kifonolojia hauna kikwazo kikubwa ukizingatia kwamba huenda "bwana" lilitangulia jina hilo, basi askari asiye na jina amekaa miongo mingi akiitwa kwa jina la aliyeiteka nchi yake. Ahadi ya jina ilitimia, lakini kwa mtu mwingine.

3.0 Mawe ya Tongoni

Sababu iliyotolewa na watawala kwa kutoandika majina ya Waafrika ilikuwa ya kiutamaduni. Gordon Guggisberg, gavana wa Gold Coast, alieleza kwamba mwenyeji wa kawaida asingelielewa wala kulithamini jiwe la kaburi. Wa Tanganyika, Horace Byatt, hakuhitaji hata nadharia: alitaka makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na hakupenda kuzitafakari takwimu za vifo vyao. Ripoti ya mwaka 2021, ambayo Kamisheni yenyewe iliiagiza, imekubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Jibu la kwanza kwa hoja ya utamaduni liko kusini kidogo ya mji wa Tanga, Tongoni, penye mkusanyiko mashuhuri wa makaburi ya nguzo katika pwani ya Afrika Mashariki. Yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, na baadhi yalipambwa kwa vyombo vya kaure vilivyopachikwa, karne nyingi kabla ya Kamisheni kuzaliwa. Kusema kwamba watu wa pwani hii hawakulielewa jiwe la kaburi ni kusema bila kutembea hata nusu siku kutoka bandarini.

Lakini jibu hilo halitoshi, na wahakiki wanaoishia hapo wanajirahisishia kazi. Makaburi mengi ya nguzo hayana maandishi. Anayesimama Tongoni anaona utukufu wa mtu fulani bila kuambiwa ni nani. Desturi ya pwani ilikuwa imetenganisha kaburi na jina: jiwe, au mara nyingi zaidi udongo usio na alama, lilitunza mwili, na jina likatunzwa kinywani, katika dua, katika hitima, katika nasaba inayosomwa kwa "bin" na "binti". Kanisa la Magila nalo, kwa njia yake, lilifanya vivyo hivyo; msalaba wa mti huoza, lakini jina hurudi mwaka baada ya mwaka katika sala ya marehemu.

Kwa hiyo kosa la sanamu si kwamba ina jiwe bila jina. Tongoni nako ni hivyo. Kosa ni kwamba haikuwa na kinywa cha kulipokea jina. Jiwe la Tongoni lilizungukwa na watu waliomjua aliyezikwa. Jiwe la 1927 liliwekwa katika makutano ya barabara za mji mkuu wa koloni kwa ajili ya watu waliofia Rufiji, Mahenge na Masasi, na waliokuwa wametolewa Usambara, Unyamwezi na kwingineko. Majina yao hayakuwa yamepotea. Mpagazi hulipwa ujira, na ujira hauandikwi kwa mtu asiye na jina. Oscar Watkins, aliyesimamia kikosi chao upande wa Kenya, alihimiza mno uandikishaji wao. Daftari zilikuwapo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuzihamishia kwenye jiwe au kwenye sauti.

4.0 Utenzi na kazi ya kutaja

Tanga ilikuwa na utanzu wa kuifanya kazi hiyo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambao kichwa chake kimebeba mwaka wa Hijria, 1307, sawa na 1889–1890. J. W. T. Allen aliuhariri na kuuchapisha katika miaka ya 1950. Umesomwa sana kama chanzo cha historia ya vita vya Abushiri, naye Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Usomaji huo ni halali lakini ni finyu. Anayeutumia utenzi kama kumbukumbu ya matukio hujiuliza kama fulani alikuwapo kweli mahali fulani. Hajiulizi kwa nini mshairi ameona lazima amtaje.

Kutaja katika utenzi wa Hemedi ni tendo, si pambo. Mhusika huja na jina lake, mara nyingi na mji wake, hupewa nafasi ya kusema kwa kinywa chake, ndipo hutenda. Umbo la utenzi linaruhusu: kipande kifupi cha mizani minane kinatosha jina na nasaba bila kubakiza nafasi ya sifa nyingi. Ubeti unaobeba jina tupu ni ubeti kamili. Kwa maana hiyo umbo la utenzi linafanana na orodha ya uwanja wa kanisa kuliko linavyofanana na sanamu, kwa tofauti moja: orodha husomwa kimya, na utenzi hughaniwa, kwa hiyo jina linapita kinywani mwa mtu kila mara kazi inapotendwa. Na mshairi alikuwa upande wa walioshindwa. Hakusubiri mshindi atoe ruhusa.

Ni kwa kipimo hiki ambapo Utenzi wa Vita vya Uhuru unapaswa kusomwa upya. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliutunga kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Una beti zipatazo 3,000, na ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Ni kazi ya bidii isiyo na kifani. Umahiri wake wa kuiingiza jiografia ya dunia katika mizani ya Kiswahili haujasomwa vya kutosha, na mwanafunzi atakayechunguza namna majina ya kigeni yalivyoviringishwa ndani ya vina atapata tasnifu nzima. Lakini wanaoubeba utenzi huo mabegani ni wakuu wa dola na majemadari. Askari wa Afrika Mashariki anaonekana kama sifa ya jumla: ushujaa, utii, mchango. Yaani anaonekana kama alivyoonekana mwaka 1927.

Utetezi unaweza kutolewa, na si dhaifu. Mshairi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Vita vilimfikia kupitia magazeti na redio, navyo vilileta majina ya wakubwa. Hemedi aliandika juu ya pwani yake mwenyewe, Shaaban Robert juu ya Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia. Utetezi huo unaeleza chanzo cha majina yaliyomo, hauelezi yaliyokosekana. Wanaume waliotoka Tanganyika kwenda kupigana Burma katika vikosi vya KAR walikuwa na mama na wake, na wale wa Tanga waliokufa walililiwa katika mitaa ambayo mshairi aliijua. Wala hakuwa mtu asiyejua kumtaja marehemu: shairi lake la kumlilia mkewe, Amina, linalichukua jina hilo kama mhimili, na hakuna msomaji anayelisahau. Kilichotokea ni kwamba alipohama kutoka maombolezo ya nyumbani kwenda vita vya dunia alibadilisha si mada tu bali sarufi ya kukumbuka; akaacha jina, akachukua jumla. Neno "uhuru" katika kichwa cha utenzi linafanya kazi ile ile ambayo "mfalme na nchi" vilifanya kwenye jiwe: linatoa sababu ya kufa kabla ya kuuliza nani alikufa.

Kinaya ni kwamba kufikia wakati huo jiwe lilikuwa limejifunza. Katika ukumbusho wa Rangoon huko Taukkyan, majina ya askari wa Afrika Mashariki waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana yamechongwa pamoja na ya wenzao wa nchi nyingine. Anayetaka kusoma majina hayo kwa mpangilio atayapata nchini Myanmar, katika nguzo za Kamisheni, kabla ya kuyapata katika utenzi mrefu wa vita uliotungwa na mtu wa Tanga.

5.0 Majina yapi?

Tangu 2021 Kamisheni imekuwa ikitafuta majina katika nyaraka za Afrika, na Januari 2025 ilizindua Cape Town ukumbusho wa wafanyakazi Weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700, kila mmoja na mti wake uliochongwa jina. Kazi ya namna hiyo ikifika Afrika Mashariki, tatizo litakuwa la wanaisimu kabla ya kuwa la wachongaji. Daftari la malipo haliandiki jina kama mwenye jina analivyolijua. Karani wa Mrima alipomwandikisha Mzigua au Mbondei, aliliandika jina kwa sikio lake. Wengine waliandikwa kwa jina la kambini, wengine kwa jina la ubatizo au la kusilimu, na wengine kwa utani ulioganda. Utani huo ulikwenda pande zote mbili. Tom von Prince, aliyeuawa Tanga Novemba 1914, alijulikana kwa Waafrika kama Bwana Sakarani, kutokana na neno la Kiarabu la mlevi. Jina hilo limebaki Usambara, Sakharani karibu na Soni, lilikokuwa shamba lake. Waliombatiza hivyo hawakuacha mahali palipoitwa kwa majina yao.

Kuyasanifisha majina hayo kwa tahajia ya leo kutayafanya yasomeke, na kutawafanya wenye ukoo washindwe kuyatambua. Kuyaacha kama karani alivyoyaandika kutahifadhi makosa yake kwenye jiwe. Wazigua, Wabondei, Wadigo, Wasegeju na Wasambaa wana majina ya ukoo yanayobeba taarifa ambazo "bin" ya daftari iliziba, na wapo wazee wanaoweza kulitambua jina lililopindwa wakilisikia likitamkwa, ingawa wasingelitambua wakilisoma. Hiyo ni sababu ya kiutafiti ya kuzisoma orodha hizo kwa sauti vijijini, kuanzia Muheza na Pangani, kabla patasi haijagusa jiwe.

Na kama mistari ya juu ya orodha hiyo itaandikwa kwa Kiswahili, isiwekwe tena katika nafsi ya pili. Msomaji hana haja ya kuambiwa atakavyokumbukwa. Inatosha iandikwe mahali walikofia na mwaka, kisha majina yaanze.